Kwa Nini Wanaikataa Nyumba?



Kwaresima moja Wanalegio wa parokia yetu walifanya tendo zuri la mapendo. Mzee mmoja, fundi wa viatu, alikuwa amelala miaka mingi barazani pa duka moja la sokoni. Pombe ndiyo iliyomfikisha hapo: kwanza kasiksi, kisha kanyanga, mwishowe cho chote kinachochoma koo. Mke wake alikufa, watoto walitawanyika, nyumba ikauzwa. Basi Wanalegio wakachanga franka, wakatengeneza chumba nyuma ya ua wa misioni, wakaweka kitanda, blanketi mbili na taa. Wakaweka na masharti matatu: asinywe tena, awe ndani kabla ya saa kumi na mbili ya jioni, na mlango wa ua ufungwe kwa ufunguo mpaka kengele ya asubuhi.

Mzee alikuja, akashukuru, akalala usiku mmoja. Usiku wa pili alikuwa barazani tena.

Nilikasirika sana. Mimi ndiye niliyebeba kitanda kile begani. Nikasema mbele ya watu: «Mwenye kupenda taabu yake, mwacheni nayo.» Padri Paroko alinisikia. Hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu: «Mwalimu, umemwuliza sababu?»

Sikuwa nimemwuliza. Wazee wetu wanasema: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Tangu siku ile nilianza kutafuta katika vitabu habari za watu walionyoshewa mkono wakaukataa. Nikaona kwamba kosa langu ni la zamani sana. Wafalme, wakubwa wa miji na watu wengi wenye moyo mwema walilifanya mbele yangu, nao waliudhika kama mimi. Leo nataka kuwaeleza historia hiyo kwa kifupi. Kisha nitarudi kwa mzee wa viatu.

PARIS: NYUMBA YENYE MINYORORO

Tuanze Ufaransa, karne ya kumi na saba. Vita vilikuwa vimeharibu mashamba, njaa ikafuata, na maelfu ya watu waliingia Paris kuombaomba. Walilala makanisani, chini ya madaraja, penye milango ya matajiri. Kati yao walikuwamo wagonjwa, wajane, askari waliokatwa viungo, walevi na wezi, wote pamoja.

Mwaka 1656 mfalme Louis XIV alitoa amri ya kuanzisha Hospitali Kuu ya Paris. Neno hospitali lisitudanganye: haikuwa nyumba ya kuponyea wagonjwa, ilikuwa nyumba ya kuwafungia maskini. Wanawake walipelekwa Salpêtrière, mahali palipokuwa pametengenezwa baruti. Wanaume walipelekwa Bicêtre. Kuombaomba mjini kulikatazwa kabisa, na askari wa pekee waliwekwa ili kuwakamata walioendelea. Ndani kulikuwa na chakula, kitanda, sala na kazi. Lakini wakubwa wa nyumba walipewa pia ruhusa ya kuwa na nguzo za kufungia watu, minyororo, na vyumba vya gereza.

Ilipofunguliwa mwaka 1657, maskini walifanya nini? Wengine waliingia, wengi wao wazee na wagonjwa wasio na nguvu ya kukimbia. Lakini wengi walitoroka mji. Matajiri wakashangaa: «Tumewapa nyumba, nao wanakimbia!»

Mtu mmoja hakushangaa. Ni Mtakatifu Visenti wa Paulo. Yeye alijua maskini wa Paris kuliko wote. Miaka michache mbele, mwaka 1653, tajiri mmoja asiyetaka jina lake lijulikane alimpa fedha nyingi, naye akafungua nyumba ndogo ya Jina la Yezu. Aliweka humo wazee arobaini tu, wanaume ishirini na wanawake ishirini, kila mmoja na kazi inayolingana na nguvu zake. Nyumba ile haikukosa watu kamwe.

Mabibi wa Mapendo, waliomsaidia Visenti, walipofikiri kujenga nyumba kubwa kwa maskini wote wa mji, yeye aliwashauri waanze polepole. Wachukue maskini mia moja au mia mbili, tena wale tu wanaotaka wenyewe, wasimlazimishe hata mmoja. Hao wakitendewa vema, ndio watakaowavuta wengine. Hakusikilizwa. Shauri likachukuliwa na wakubwa wa serikali, na kukawa kama tulivyosema. Mapadri wa Visenti walipoombwa kuwa wahudumu wa roho katika Hospitali Kuu, yeye na wenzake waliomba radhi, hawakupokea kazi ile.

Ndugu, shikeni vizuri neno hili la Mtakatifu Visenti, maana baada ya miaka zaidi ya mia tatu litatokea tena mahali pengine: wanaotaka wenyewe, na kutendewa vema.

UINGEREZA: NYUMBA ILIYOJENGWA ILI IKATALIWE

Sasa tuvuke bahari mpaka Uingereza. Mwaka 1834 bunge la huko lilitunga sheria mpya juu ya maskini. Wakubwa walisema: tukiwasaidia maskini majumbani mwao, watakuwa wavivu. Basi anayetaka msaada aingie katika nyumba ya kazi, na maisha ya humo yawe mabaya kuliko maisha ya kibarua maskini kabisa aliye nje. Hivyo atakayeingia ataonyesha kwamba ana shida ya kweli.

Fikirini maana yake. Nyumba ile ilitengenezwa kusudi watu waikatae! Mume alitengwa na mke wake, mama na watoto wake wakubwa. Walivalishwa nguo za namna moja. Walipewa kazi za kuchosha, kama kuponda mawe na kuchambua kamba kuukuu za meli. Ndiyo maana wazee wengi wa Uingereza waliogopa nyumba ya kazi kuliko kaburi. Mtu mwenye njaa akiikataa, walisema: kumbe hana shida. Hawakusema: kumbe nyumba yetu ni mbaya.

Kwa watu wanaotanga-tanga kulikuwa na vyumba vya pekee vya kulala usiku. Sheria ya mwaka 1882 iliagiza kwamba aliyeingia asitoke mpaka saa tatu asubuhi ya siku ya pili baada ya ile ya kuingia, akiisha kufanya kazi aliyopewa. Je, mtu huyu atatafutaje kibarua, hali vibarua huchukuliwa alfajiri? Mwandishi George Orwell alilala katika vyumba hivyo, akaeleza habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1933. Anaeleza jinsi watu walivyopekuliwa mlangoni, na jinsi walivyoficha tumbako yao, maana kuvuta kulikatazwa. Sisi tusiovuta tutacheka: mtu anahangaika hivi kwa ajili ya tumbako kidogo? Lakini kwa mtu aliyepoteza nyumba, kazi na jina, hiyo tumbako kidogo ndiyo mali yake yote. Ndiyo kitu cha mwisho ambacho yeye mwenyewe anakiamuru.

Nyumba za kazi zilifutwa hatua kwa hatua katika karne ya ishirini, na sheria ile ya maskini ikaondolewa kabisa mwaka 1948. Lakini wazo lake halikufa: kwamba msaada ni lazima uume kidogo, ili mtu asiuzoee.

NEW YORK: NGAZI YENYE KUTELEZA

Tufike Marekani, katika mji wa New York. Huko mtaa wa Bowery ulijulikana siku nyingi kama mtaa wa walevi wasio na kwao. Mwaka 1979 mwanasheria kijana, Robert Hayes, aliishtaki serikali ya mji na ya jimbo, kwa sababu waliacha watu walale nje katika baridi kali. Mmoja wa maskini waliosimama naye katika shauri lile aliitwa Robert Callahan, mtu wa Bowery, mwenye taabu ya pombe. Mwaka 1981 wakubwa walikubali kwa maandiko kwamba kila mwanamume asiye na makao, akiomba, apewe kitanda. Lakini Callahan mwenyewe hakukiona kitanda kile. Alikuwa amekufa mtaani mwaka mmoja mbele.

Mji ukafungua nyumba kubwa za kulala. Baadhi yake zilikuwa kambi kuukuu za askari, ukumbi mmoja wenye mamia ya vitanda vilivyopangwa karibu karibu, taa zikiwaka usiku. Je, watu wote waliingia? Hapana. Wengi waliingia, lakini wengine walibaki chini ya madaraja na katika vituo vya treni iendayo chini ya ardhi. Na wenyeji wa mji wakasema maneno yale yale ya Paris: «Tumewapa vitanda, nao hawataki!»

Waliowaendea na kuwasikiliza walipata majibu mengi. Mmoja alisema: huko huibiwa viatu nikilala. Mwingine: nilipigwa. Mwingine: hawampokei mke wangu. Mwingine: hawampokei mbwa wangu, naye ndiye rafiki pekee asiyenikimbia. Mwingine: vitu vyangu nitaviacha wapi? Na wako waliosema neno linaloshangaza: mimi najaribu kuacha madawa ya kulevya, na katika nyumba ile kila kitanda cha pili kuna mtu anayeyauza. Mtu kama huyu alilala nje ili aokoke!

Lakini sababu kubwa kuliko zote ilikuwa mpango wenyewe. Msaada ulikuwa kama ngazi. Kipandio cha kwanza ni kitanda katika ukumbi. Cha pili, nyumba ya majaribio yenye wasimamizi. Cha tatu, nyumba yenye ulinzi kidogo. Juu kabisa, chumba chako chenye ufunguo wako. Na ili upande kutoka kipandio hiki kwenda kingine, sharti uache kwanza pombe na madawa, uitike dawa ya daktari, utii saa na kanuni zote. Ukianguka mara moja, unarudi chini au unatolewa nje kabisa.

Hapa yafaa tueleze jambo ambalo Wakristu wengi hawalijui, nami sikulijua. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka mingi, mwili wake umekwisha kufungwa nayo. Akikatiwa ghafula, baada ya saa chache mikono inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio. Wengine huanguka kama wenye kifafa. Wengine huona wadudu na watu wasiokuwako. Wengine hufa, kama hakuna daktari wa kuwasaidia. Basi ukimwambia mtu huyu aingie saa kumi na mbili ya jioni, asinywe, na mlango ufungwe mpaka asubuhi, wewe unafikiri unampa usingizi. Yeye anasikia unampa usiku wa mateso, labda wa kufa. Akikataa, tunamwita mjinga. Kumbe amepima hesabu yake, na kwa hesabu yake hajakosa.

Ongezeni hapo aibu ya kuanguka. Mtu aliyepanda ngazi ile mara tatu akafukuzwa mara tatu, ya nne hatapanda. Si kwamba haitaki nyumba. Hataki kufukuzwa tena.

MTU ALIYEIGEUZA NGAZI

Katika mji huo huo wa New York alikuwako mtaalamu wa mambo ya akili, Sam Tsemberis. Kazi yake ilikuwa kuwatafuta wagonjwa wa akili waliolala njiani, wengi wao wakiwa pia watumwa wa pombe au madawa. Aliona wagonjwa wakipelekwa hospitalini, na baada ya siku chache aliwakuta mahali pale pale, juu ya karatasi zile zile. Basi akaanza kuwauliza wanachotaka. Wakamjibu: nyumba. Hawakukataa kuacha pombe. Walikataa kwamba pombe iachwe kwanza, na nyumba ije mwisho.

Mwaka 1992 Tsemberis na wenzake walianzisha shirika la Pathways to Housing. Waligeuza ngazi juu chini. Mtu alipewa kwanza ufunguo wa chumba cha kawaida, katika nyumba ya kupanga, kati ya watu wengine wa mji. Masharti yalikuwa machache: atoe sehemu ya tatu hivi ya mapato yake kwa kodi, na akubali kutembelewa na wasaidizi. Dawa, matibabu na kuacha pombe viliwekwa mbele yake kila siku, lakini havikuwa bei ya ufunguo. Akilewa, hakufukuzwa kwa sababu ya kulewa. Akilazwa hospitalini, chumba kilimngoja.

Wengi waliofahamu kazi hiyo walisema: hawa wataharibu vyumba, watarudi njiani kabla ya mwezi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2000 ulionyesha kinyume. Kwa muda wa miaka mitano, katika kila watu 100 wa shirika hilo, 88 walikaa katika nyumba. Katika nyumba za mji zilizofuata ngazi ya zamani, walikuwa 47 katika 100. Kumbukeni: ni watu wa namna ile ile waliokuwa wakiitwa wenye kukataa nyumba!

Kitu kama hicho kilitokea katika mji wa Seattle, upande wa magharibi wa nchi hiyo. Mwaka 2005 lilifunguliwa jengo la vyumba 75 kwa ajili ya walevi wa mitaani, wale waliojulikana zaidi na polisi na waganga. Waliruhusiwa hata kunywa ndani ya vyumba vyao. Majirani wengine walikwenda mahakamani kulizuia jengo, na watu wengi walichukizwa: je, fedha za watu wote zinunue mahali pa kulewea? Watu waliodhaniwa hawatakubali nyumba yo yote, wakakubali, na vyumba vikajaa. Uchunguzi wa mwaka 2009 ulipima habari zao. Mbele ya kuingia, gharama za mlevi mmoja kwa hospitali, gereza na polisi zilikuwa kama dola 4,066 kwa mwezi. Baada ya mwaka mmoja ndani ya nyumba zilikuwa dola 958. Na pombe? Watu walifikiri itaongezeka. Ilipungua, toka vipimo 15 na zaidi kwa siku mpaka kama 10 na nusu. Hakuna aliyewaamuru. Wengine walikufa humo, maana miili ilikuwa imekwisha kuharibika. Lakini walikufa kitandani, na wenzao wakijua majina yao.

TUSIIFANYE HADITHI KUWA TAMU KULIKO ILIVYO

Historia ya kweli haifichi upande wa pili. Kati ya mwaka 2009 na 2013 serikali ya Kanada ilijaribu njia hii ya nyumba kwanza katika miji mitano, kwa wagonjwa wa akili zaidi ya 2,000 wasio na makao. Mwishoni, miezi sita ya mwisho, 62 katika kila 100 waliopewa nyumba kwanza walikuwa ndani siku zote. Katika wale walioachwa kwa msaada wa kawaida walikuwa 31. Hilo ni jambo kubwa. Lakini juu ya pombe na madawa, makundi hayo mawili hayakutofautiana sana. Nyumba iliponya ukosefu wa nyumba. Haikuponya kila ugonjwa.

Tena wako waliokataa hata nyumba isiyo na masharti, au waliiacha baada ya kuipata. Sababu moja ni upweke. Barazani kuna wenzako: mmoja anakulindia mzigo, mwingine anakugawia mkate. Ndani ya chumba kuna kuta nne na kimya, na katika kimya kile dhambi na misiba ya zamani husema kwa sauti kubwa. Wengine siku za kwanza walilala chini sakafuni, karibu na mlango, kitanda kikiwa tupu. Kwa hiyo ufunguo peke yake hautoshi. Lazima kuwe na mtu anayebisha hodi, leo na kesho, asiyechoka.

JE, SI KUBARIKI ULEVI?

Nawasikia wasomaji wengine wakisema: Mwalimu, ulevi ni dhambi. Kumpa mlevi nyumba kabla hajaacha, si kumwambia aendelee?

Nami niliuliza hivyo. Ulevi ni mbaya, nimeona unavyobomoa familia, siuitii mwema. Lakini tazameni Injili. Yezu alipokwenda kukaa nyumbani mwa Zakayo, Zakayo alikuwa bado hajarudisha hata franka moja. Toba ilikuja mezani, baada ya ugeni. Na baba wa mwana mpotevu alimkumbatia mwanawe akiwa angali na harufu ya nguruwe. Hakumwambia: kaoge kwanza, kaa nje miezi sita, nione kama umebadilika.

Na tuwe na mfano wa karibu zaidi na jambo letu: Matt Talbot, kibarua wa mji wa Dublin katika nchi ya Ireland. Alizaliwa mwaka 1856, akaanza kunywa akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi. Kila mshahara uliishia katika pombe. Siku moja ya mwaka 1884 hakuwa na fedha, akasimama njiani karibu na nyumba ya pombe, akitumaini rafiki zake watamwita. Walipita tu. Moyo ukamchoma, akageuka, akaenda nyumbani kwa mama yake, akamwambia kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Akaiweka mbele ya padri, kwa miezi mitatu tu. Alipoitimiza, akaiongeza, na hatimaye akaifanya ya maisha yote. Alikufa mwaka 1925, akiwa njiani kwenda Misa, na mwaka 1975 Kanisa likamtangaza Mheshimiwa.

Sisi huhubiri daima ile ahadi. Mimi mwenyewe nimeihubiri mara nyingi. Lakini sikuwa nimelitazama neno dogo lililo katikati ya hadithi: akaenda nyumbani. Mlevi yule alikuwa na mahali pa kwenda. Miaka kumi na sita ya ulevi, na bado kulikuwa na mlango usiofungwa, na mama nyuma yake. Kama angekutwa na kufuli siku ile, angegeuka tena aende wapi? Tena aliahidi miezi mitatu, si maisha yote. Hakuna aliyemdai kupanda ngazi nzima kwa siku moja.

MZEE WA VIATU

Baada ya kusoma hayo nilikwenda barazani jioni, nikaketi juu ya kisanduku chake cha kazi. Nikasema: «Baba, nisamehe. Nilikusema vibaya, sikukuuliza. Kwa nini uliiacha nyumba yetu?»

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akanionyesha mikono yake. «Mwalimu, usiku ule ilitetemeka hata nikashindwa kushika kikombe cha maji. Nikaona panya ukutani, nao hawakuwako. Nikaita, hakuna aliyesikia. Nikajaribu mlango wa ua, umefungwa. Nikasema, nitakufa hapa kama mbuzi zizini. Hapa sokoni mlinzi wa usiku ananijua. Nikianguka, ananigeuza upande.»

Ndugu zangu, sisi tulimpa kitanda, tukamwondolea mtu wa kumgeuza upande. Na tukamwita mtu asiye na shukrani.

Wanalegio walikutana tena. Wengine hawakukubali, na sauti zilipanda. Mwishowe ufunguo wa ua aliwekewa yeye mwenyewe. Saa ya kuingia ilifutwa. Sista wa zahanati alimweleza asiache kanyanga kwa siku moja, ila apunguze chini ya macho yake, na usiku wa shida apige bati la chumba cha zamu. Vijana wawili walipewa zamu ya kumtembelea jioni, si kumchunguza, ila kumletea viatu vya kushona na kuzungumza naye.

Siwezi kuwaambia kwamba mzee ameacha pombe. Hajaacha. Anakunywa kidogo kuliko zamani, na siku nyingine anaanguka. Lakini analala ndani, na Dominika namwona nyuma ya kanisa, karibu na mlango. Mtu aliyezoea baraza hupenda kukaa karibu na mlango.

Na sisi tunao wengine. Katika miji yetu ya Bukavu na Goma wako maibobo, watoto wa barabarani wanaonusa gundi ili wasahau njaa na baridi. Wengine hupokewa katika nyumba njema, kisha hutoroka. Tusiseme upesi: wamezoea ubaya. Tuulize kwanza tuliwatenga na nani, tuliwanyang'anya nini mlangoni, walipigwa na nani, na kama wakianguka watakuta mlango u wazi.

Mtakatifu Visenti aliwaambia Mabibi wa Mapendo wachukue wanaotaka wenyewe na kuwatendea vema. Anayeikataa nyumba yetu mara nyingi anatueleza kitu juu ya nyumba ile. Basi wakati mwingine mtu akikataa mkono wako, usiurudishe mfukoni kwa hasira. Keti juu ya kisanduku chake, umwulize sababu.